Tupa Ndani ya Mkate wa Wishwa: Ngano za Kale Katika Tungo za Ughaibuni

Wasomaji wa jarida hili hawana haja ya kuelezwa Fumo Liyongo ni nani. Waliolelewa Lamu, Pate, Mombasa au Unguja walimjua kabla hawajamaliza juzuu ya kwanza, na waliozaliwa Maskati, London au huku Marekani wamemsikia kwa bibi zao, ijapokuwa kwa vipande. Linalotushughulisha hapa ni jingine. Yanamfika yapi Liyongo, na ngano nyingine za pwani yetu pamoja naye, anapotiwa mkononi na kijana wa Buffalo, Columbus au Louisville anayeandika hadithi fupi ya kurasa sita kwa Kiingereza, au shairi la Kiswahili ambalo vina vyake vimelegea?

Tungo za namna hii zimekuwa zikitufikia hapa North Buffalo kwa miaka kadhaa. Nyingine zimepigwa chapa kwa gharama ya wazazi, nyingine ni karatasi zilizobanwa kwa pini, na zote huja na salamu na ombi la kusomwa. Waandishi wake ni vijana, wengi bado wamo masomoni, kwa hivyo hatutawataja kwa majina. Neno letu si juu ya mtu mmoja, bali ni juu ya mwenendo tuliouona ukirudi utungo baada ya utungo. Tumezisoma zote kwa furaha, na baadhi yake kwa wasiwasi. Furaha ni kwa kuwa mtoto aliyekulia kwenye theluji ameona kwamba maneno ya wazee wa Lamu yana la kumwambia. Wasiwasi una sababu zake, nazo ndizo makala haya.

Rai yetu tuiseme mapema. Kusimulia upya ngano za kale ni ada kongwe ya fasihi yetu, wala si uzushi wa vijana. Lakini ada hiyo ina adabu, na iliyo kubwa katika adabu zake ni kwamba anayekisimulia kisa upya asimfute aliyekibeba.

Ngano husafiri na kubadili nguo

Wako wazee wanaokasirika wakiona kijana amebadilisha neno katika hadithi. Hao tungewaomba waitazame hadithi ya kima, papa na punda wa dobi, ambayo kila mtoto wa Unguja aliisikia. Edward Steere, aliyekuja baadaye kuwa Askofu, aliitia katika mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili uliotolewa London mwaka 1870. Hadithi hiyo ni ya Kiunguja kwa kila harufu yake, na hata hivyo mwenye kusoma Kiarabu ataitambua mara moja, kwani ni ule mlango wa kima na kobe katika Kalila wa Dimna. Kitabu hicho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu katika karne ya 8 kutoka Kipahlavi, nacho Kipahlavi kilikipata kutoka Bara Hindi.

Sasa tazama kilichobadilika. Kobe amekuwa papa, na mtini umekuwa mkuyu, ambao nao ni jamaa ya mtini. Mbweha amempisha sungura. Mabadiliko haya ni ya nguo tu. Lakini liko moja lililo zito zaidi. Katika Kalila wa Dimna, anayetaka moyo wa kima ni mke wa kobe, aliyeona wivu kwa urafiki wa mumewe na kujitia maradhi. Katika hadithi ya Unguja hakuna mke wala wivu. Kuna sultani wa papa aliye mgonjwa, na tabibu wamesema dawa yake ni moyo wa kima. Msimulizi wa Unguja ameitoa khiyana chumbani akaipeleka barazani kwa mtawala. Papa hamsaliti rafiki yake kwa kumpenda mke, bali kwa kuwa dola imeamuru. Aliyeibadilisha hivyo hatumjui jina, lakini tunajua alikuwa mtu aliyeishi karibu na dola na kuijua. Huo ndio usimulizi upya ulio mwema: umbo la hoja limebaki, kima bado anaokoka kwa kudai kwamba ameuacha moyo wake mtini, na ndani ya umbo hilo msikilizaji mpya amesikia habari ya mji wake.

Mfano wa pili unaonya. Hasibu Karim-ud-Din ametoka katika Alfu Lela u Lela, akafika Unguja, akaingia katika kitabu cha Steere, na mwaka 1901 akachapwa Chicago katika kitabu cha hadithi za Zanzibar cha George W. Bateman, kwa tahajia ya "Hasseeboo Kareem ed Deen". Humo yumo pia sungura aliyeandikwa "Soongoora", na Mkaa Jikoni aliyegeuka "Mkaaah Jeechonee". Tahajia hizo zinachekesha, lakini hazidhuru. Linalotufaa kulitazama ni jina la nyoka mkuu. Katika Kiarabu yeye ni Malikat al-Hayyat, malkia, mwanamke. Katika kitabu cha Chicago ni mfalme, mwanamume. Njiani baina ya lugha hizo mbili kimo Kiswahili, ambacho humtaja mtu kwa "yeye" pasi na kubainisha mume au mke, na neno lake la sultani laweza kumkaa yeyote. Kiingereza hakina subira hiyo. Kinataka kuambiwa papo hapo ni "he" au "she". Basi malkia aliyejitoa roho ili Hasibu apone akawa mfalme, na watoto wa Marekani waliokisoma kitabu hicho hawakujua kuwa mwanamke amepotea.

Hakuna aliyekusudia ubaya hapo. Lakini ndivyo watu wanavyopotea katika hadithi, taratibu, kwa sababu lugha au soko au haya haikuwatafutia nafasi. Vijana wetu wanaoandika kwa Kiingereza wamo katika njia hiyo hiyo, na ni haki yao kuambiwa.

Takhmisi kama kipimo

Mtu atauliza, tutapimaje basi? Wahakiki wa vyuo vikuu wana nadharia zao, na hatuzidharau. Ila sisi tunaona kwamba fasihi yetu yenyewe imetuachia kipimo, nacho ni takhmisi.

Katika takhmisi mtunzi huchukua beti za mtunzi aliyemtangulia akazifanya za mishororo mitano, kwa kuitanguliza mishororo yake mwenyewe mbele ya ile ya kale. Fani hii ni ya Kiarabu kwa asili, na washairi wa pwani waliimiliki. Takhmisi iliyo maarufu kuliko zote kwetu ni ile ya beti za Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, mwenye Al-Inkishafi. Steere aliichapa mashairi hayo katika kitabu kile kile cha 1870.

Zingatia adabu ya kazi hiyo. Maneno ya kale hayafutwi wala hayasahihishwi. Yanabaki mwisho wa ubeti, mahali pa heshima, na mtunzi mpya analazimika kuandika kwa namna ambayo mishororo yake itafika pale na kupokewa. Hapo hapo, yeye si mtumwa wa maneno hayo. Mwenye kutanguliza mishororo mitatu ana nafasi ya kutosha kuleta hoja yake, huzuni yake na zama zake, hata maana ya mshororo wa kale ikageuka bila herufi yake moja kuguswa. Msomaji husikia sauti mbili kwa pamoja na hazichanganyiki.

Si lazima kazi iwe ya beti ndipo iwe takhmisi kwa maana hii. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, alifanya hivyo katika riwaya yake Paradise ya mwaka 1994. Kijana wake anaitwa Yusuf, tajiri wake ni Aziz, na bibi wa nyumba ni Zulekha. Kila aliyesoma sura ya Yusuf anasikia mshororo wa kale ukisubiri mwisho wa kila mlango. Lakini Yusuf huyu hakutupwa kisimani na ndugu. Amewekwa rehani na baba yake kwa ajili ya deni. Mshororo huo mmoja uliotangulizwa umetosha kubadilisha swali. Hatuulizi tena vipi ndugu waweza kuoneana wivu, bali vipi mtu mwema mwenye tasbihi mkononi aweza kumweka mtoto wa mwenzake kama bidhaa. Neno rehani ni letu, na jambo lenyewe pia lilikuwa letu.

Liyongo wa misuli na Liyongo wa maneno

Tukishika kipimo hicho, tuzitazame sasa tungo za vijana.

Kosa lililoenea zaidi ni kumgeuza Liyongo pahalawani wa sinema. Tumesoma hadithi tatu au nne ambamo anapasua minyororo kwa mikono, anaruka kuta, anawatupa askari baharini wawili wawili, na sindano ya shaba ya kitovuni inakuwa siri ya nguvu zake kama ile ya mashujaa wa vitabu vya picha. Tunafahamu inatoka wapi tamaa hii. Mtoto ambaye shuleni ameonyeshwa mashujaa wa kila kabila isipokuwa la kwao anataka wa kwake awe na kifua kipana. Lakini kwa kufanya hivyo anapoteza kile ambacho wengine hawana.

Utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 unamsifu Liyongo kwa nguvu, kweli. Walakini mtazame anavyookoka. Katika kikowa, wale wageni wamekula shauri kwamba zamu yake ya kupanda mkoma ikifika watampiga mishale akiwa juu. Yeye hapandi, anaziangusha koma kwa mshale akiwa chini. Hiyo ni akili. Kifungoni amefungwa kwa chuma na kuzungukwa na walinzi, na minyororo haivunjiki kwa misuli. Anatunga wimbo. Wimbo huo anamwimbia kijakazi Saada mbele ya walinzi wenyewe, nao wanausikia wasiuelewe. Maana yake ni kwamba mama yake, Mbwasho, atengeneze mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Saada anauleta. Walinzi wanakula vyakula vizuri na kumwachia mfungwa makapi. Kisha Liyongo anaomba ngoma ya gungu, anawafunza watu walio nje jinsi ya kupiga na kuitikia, na katika kishindo cha patu na pembe hakuna anayesikia tupa ikila chuma.

Taifa gani jingine lina shujaa aliyetoka gerezani kwa shairi? Anayeondoa wimbo huo akaleta ngumi amebadilisha dhahabu kwa bati. Na anayeutia wimbo huo katika hadithi fupi ana kazi ngumu yenye thawabu, nayo ni kuandika maneno ambayo mlinzi atayasikia na msomaji atayaelewa. Hakuna somo la uandishi lililo bora kuliko hilo kwa kijana anayeishi baina ya lugha mbili. Yeye mwenyewe kila siku husema maneno ambayo upande mmoja wa chumba huyaelewa na upande wa pili huyasikia tu.

Kosa la pili ni la nasaba. Tumesoma shairi moja, limepangika vizuri kwa vina na mizani, ambalo linaieleza khiyana ya mwana kwa sababu ya damu ya mama yake, kwa kuwa mama huyo alikuwa wa Wagala. Kijumwa anasema kwamba Liyongo aliozwa kwao na akazaa huko, naam. Lakini utenzi hauseme kwamba mwana alimuua baba kwa sababu ya ukoo. Aliahidiwa binti wa sultani na cheo, akashawishika, na hakufaidi alichoahidiwa. Sababu ni tamaa ya kijana aliyetaka kukubaliwa na wakubwa wa mji. Ukisema ni damu, umewaondolea Mringwari na baraza lake dhambi yao yote, na umeandika katika 1 ya lugha zenye kuchanganya damu nyingi duniani kwamba mchanganyiko ndio khiyana. Watafiti wamebishana miaka mingi kama Liyongo alikuwa Mwajemi, Mwarabu au Mwafrika, na karne yake ni ipi. Profesa Ibrahim Noor Shariff, ambaye Tungo Zetu yake ilichapwa New Jersey mwaka 1988, na Joseph Mbele, Mtanzania aliyefundisha Minnesota, wameandika humu humu Marekani kurasa zinazostahili kusomwa juu ya shujaa huyu. Kijana asome kabla hajahukumu damu ya mtu.

Saada

Kosa la tatu ndilo lililotufanya tuchukue kalamu. Katika tungo nyingi tulizozipokea, Saada hayumo.

Katika moja, mkate analetewa na mama mwenyewe. Katika nyingine analetewa na "rafiki". Katika ya tatu, ndege anauangusha dirishani. Tulipomwuliza mmoja wa waandishi kwa nini, alijibu kwa uaminifu kwamba mzazi wake alimshauri aondoe kijakazi, kwa sababu Wamarekani wakisoma watasema, "Mnaona? Hata shujaa wao alikuwa na watumwa."

Jibu hilo halistahili kuchekwa. Wengi wa wasomaji wa jarida hili ni watu ambao habari ya utumwa iliwafikia ikiwa silaha. Familia zilizotoka Unguja baada ya Januari 1964 zinakumbuka jinsi historia hiyo ilivyosomwa kwa sauti kubwa wakati milango ilipokuwa ikivunjwa, na jinsi mtoto wa muuza kahawa alivyobebeshwa madhambi ya wenye mashamba ya karafuu. Mtu aliyepigwa kwa fimbo hapendi kuiona fimbo hiyo imetundikwa ukutani kwa wajukuu zake. Tunalijua hilo, na hatulisemi kwa kulisoma vitabuni tu.

Hata hivyo tunasema kwamba kumwondoa Saada hakumkingi mtu yeyote. Kwanza, kisa hakisimami bila yeye. Liyongo hana mguu nje ya gereza isipokuwa mguu wa Saada. Walinzi hawamwogopi kwa sababu hawamwoni. Ni kijakazi aliyebeba chakula, na wishwa ni chakula cha watu wa namna yake. Siri nzima imejengwa juu ya dharau yao. Ukiweka rafiki au ndege mahali pake, hujaondoa utumwa katika hadithi, bali umeondoa hadithi yenyewe.

Pili, Kijumwa hakumficha. Mtu wa Lamu aliyetunga mwaka 1913, mwandishi wa hati, mchonga milango na mjuzi wa ngoma, alimweka Saada mlangoni pa gereza, mkate mkononi. Vipi sisi tuwe na haya zaidi kuliko yeye, kwa kisa ambacho yeye alikihifadhi na sisi tumekirithi tu? Kumfuta ni kufanya kinyume cha takhmisi, ni kufuta mshororo wa kale ili wetu uonekane safi.

Hatusemi kwamba Kijumwa amemaliza. Utenzi hausimami kutueleza Saada aliogopa nini njiani, wala alipata nini baada ya Liyongo kutoka. Hapo ndipo palipo na nafasi ya mishororo mipya. Binti mmoja wa Columbus ametuletea hadithi ya kurasa nne, kwa Kiswahili kisicho kikamilifu, ambayo yote inapita katika safari moja ya Saada kutoka jikoni kwa Mbwasho hadi gerezani. Anaupima mkate kwa mkono na kujua kwamba ni mzito mno. Anajua kwamba akikamatwa, mama wa shujaa atalindwa na jina lake na yeye hatalindwa na chochote. Anaendelea kutembea. Hadithi inaisha mlinzi anapoushika mkate, akaunusa, akautema mate na kumrudishia. Hatuna neno la kuongeza isipokuwa kwamba ngeli zake azisahihishe.

Ngano ya jirani

Lipo jambo jingine linaloifanya kazi hii isiwe mchezo katika miji hii mitatu.

Kuanzia mwaka 2003 na 2004 Marekani iliwapokea wakimbizi wapatao 12,000 wa Kisomali wanaoitwa Wabantu, waliotolewa Dadaab na Kakuma, na jamaa zao sasa wamo Louisville, Columbus na Buffalo. Baadhi yao wanasema Kizigula. Wazee wao walitoka katika nchi ya Wazigua, nyuma ya Pangani na Sadani, wakati wa ukame na njaa ya karne ya 19, wakapelekwa kwa majahazi hadi Benadir na kutiwa katika mashamba ya bonde la Shebeli. Lugha waliyopelekwa nayo wangali wakiisema.

Nao wana ngano yao. Anasimuliwa mwanamke mmoja, Wanankhucha, aliyekuwa na uwezo wa kuona mambo yajayo. Yeye ndiye aliyewaongoza watumwa kutoroka mashambani kuelekea kusini, kwa nia ya kurudi kwao. Walipofika mto wa Juba ardhi ikatetemeka, naye akawaambia kwamba hiyo ni ishara, wakae hapo. Wakakaa, wakalima, na nchi hiyo ya msitu ikaitwa Gosha. Watafiti kama Francesca Declich wameikusanya habari hii kwa wenyewe.

Msomaji mwenye sikio atasikia kwamba Wanankhucha na Saada wametoka katika bahari moja. Mmoja amebeba tupa kwa ajili ya minyororo ya bwana wake. Wa pili amewatoa watu wake katika minyororo yao. Wajukuu wa waliosimulia ngano ya kwanza na wajukuu wa waliosimulia ya pili leo wanakaa katika madarasa yale yale. Tukimfuta Saada katika Liyongo, tutamkabili vipi jirani anapotusimulia Wanankhucha? Atatuambia kwamba huko kwetu hakukuwa na watumwa, kwani hadithi zetu hazina hata mmoja, na atakuwa anatukejeli kwa haki.

Na mahali penyewe panatusaidia kusikia. Mto Ohio unaopita Louisville ulikuwa mpaka. Upande wa Kentucky mtu aliweza kuuzwa, na ng'ambo yake sheria ya jimbo ilikataza. Waliouvuka walipita nchi ya Ohio kwa siri kuelekea maziwa, na wengi walifika Buffalo, ambapo kivuko cha Niagara kiliwatenga na Kanada. Kanisa la Wabaptisti la Michigan Street, lililojengwa katika miaka ya 1840, linakumbukwa hapa mjini kwa kuwasitiri. Miji mitatu ambayo jamaa zetu waliangukia kwa karatasi za uhamiaji ni vituo vya njia ya watu wengine waliotembea usiku.

Watu hao nao walikuwa na ngano ya Waafrika waliopata kuruka angani na kurudi kwao. Virginia Hamilton, mzaliwa wa Yellow Springs katika Ohio, aliisimulia upya mwaka 1985 katika hadithi fupi ya kurasa chache kwa ajili ya watoto, naye hakuwasahau wale wasiojua kuruka, waliobaki chini na kuihifadhi habari. Toni Morrison, mzaliwa wa Lorain kando ya Ziwa Erie, aliitia katika riwaya yake ya mwaka 1977, akauliza swali ambalo ngano ilikuwa imelifunika: aliyeruka alimwacha nani? Katika kitabu chake aliyeruka amemwacha mke na watoto. Hao ni walimu wa jirani kwa vijana wetu. Hawakuidhalilisha ngano kwa kuuliza; waliifanya iendelee kusemwa.

Maneno machache ya ufundi

Kwa wanaotunga kwa Kiswahili, tunasema vina na mizani si pingu. Mwenye kutaka kuviacha aviache kwa kukusudia, si kwa kushindwa. Utenzi wa mizani minane ni chombo cha kusimulia kilichojaribiwa kwa karne nyingi, na kijana anayejua beti kumi za kweli ataandika hadithi fupi bora zaidi, kwa kuwa amejifunza kutaja jambo mara moja na kuendelea.

Kwa wanaotunga kwa Kiingereza, hatuna ugomvi. Ila wasilainishe majina. Wishwa iitwe wishwa. Gungu iitwe gungu. Mkoma usigeuzwe mnazi kwa kuwa Mmarekani anaujua mnazi. Msomaji atajifunza, kama sisi tulivyojifunza maua ya washairi wao ambayo hatujapata kuyaona.

Kwa wote, tunaomba jambo moja. Mwisho wa hadithi au shairi, mwandishi aandike amekisikia kisa kwa nani: bibi yake, mwalimu wake, jirani wa Kizigula, au kitabu gani. Wanachuoni wetu waliita jambo hilo isnadi, na hawakulipokea neno bila hilo. Steere, pamoja na umisionari wake, aliwataja katika dibaji baadhi ya Waswahili waliomsimulia. Kijana wa Buffalo asipungukiwe na adabu hiyo.

Na kwa wazazi: mtoto wako akija na Liyongo mkononi, msaidie kwa kumbukumbu yako, umsimulie kama ulivyosimuliwa, na useme pale uliposahau. Akikuuliza kijakazi alikuwa nani, usimwambie aondoe. Mwambie jina lake ni Saada, na kwamba ndiye aliyeuleta mkate. Wallahu aalam.